Je, Mwili wa Mtu Ni Shahidi Dhidi Yake?

Swali langu la toleo hili ni hili: tukimwona mtu mnene, je, tumeuona ulafi wake? Na tukimwona mwembamba, tumeuona uchaji Mungu wake? Nauliza kwa sababu katika jumuiya yetu tumezoea kujibu ndiyo bila hata kufikiri. Mimi nasoma biokemia, mwaka wa tatu, na muhula huu wote nimeishi na protini moja ambayo imenishawishi kwamba jibu hilo haliwezi kusimama, si kwa elimu ya maabara wala kwa elimu ya dini.

Kisa kipo. Ramadhani iliyopita, muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, mgeni mmoja tuliyemwalika alitupa mawaidha juu ya israfu. Mada nzuri, na mengi aliyosema yalikuwa ya haki. Lakini alifika mahali akasema kwamba mwenye israfu hahitaji kutafutiwa mashahidi wawili, kwani kila mmoja amembeba shahidi wake chini ya kanzu au chini ya buibui. Watu wakacheka. Upande wa kina dada alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye ni mnene tangu utotoni. Tangu siku ile hatukumwona tena kwenye futari wala kwenye darsa. Sitamtaja, na sidhani angependa nimtetee. Ninachotaka kukijadili ni kauli yenyewe, shahidi chini ya kanzu. Maana sisi tunajua kwamba shahidi ana masharti: lazima awe aliliona jambo lenyewe, na aweze kulieleza bila kulichanganya na jingine. Je, mafuta ya mwili yameona nini?

Hapa ndipo protini yangu inapoingia. Inaitwa SREBP. Jina lake kamili ni refu na halitatusaidia, tubaki na herufi hizo.

Kwanza tukubaliane juu ya kolesteroli. Wengi wetu tunalijua neno hilo kama jina la ugonjwa, lakini hakuna seli katika mwili wako inayoweza kuishi bila kolesteroli. Imo katika utando wa kila seli, nyongo hutengenezwa kutokana nayo, na homoni kadhaa pia. Na kwa watu wengi sehemu kubwa ya kolesteroli yao haikutoka kwenye sahani. Mwili wenyewe umeitengeneza, na ini ni mojawapo ya viwanda vyake vikubwa. Vivyo hivyo mafuta: ini linaweza kuyatengeneza kutokana na sukari, hata kama hujagusa tone la mafuta ya kupikia.

Sasa, kiwanda lazima kiwe na msimamizi wa kusema lini kifanye kazi na lini kipumzike. Huyo ndiye SREBP. Aligunduliwa mwaka 1993 katika maabara ya Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, jimbo la Texas, Marekani, watu ambao tayari walikuwa wamepata tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya kolesteroli. Ana sura tatu zinazotokana na jeni mbili. SREBP-2 hushughulika zaidi na kolesteroli, SREBP-1c hushughulika zaidi na utengenezaji wa mafuta katika ini, na SREBP-1a anaweza kazi zote mbili.

Namna anavyofanya kazi ndiyo iliyonifanya nikae maktaba mpaka wakazima taa. SREBP akishatengenezwa haendi kazini moja kwa moja. Hufungwa kwenye utando wa mtandao wa vifereji ulio ndani ya seli, akiwa ameshikana na msindikizaji wake aitwaye SCAP. SCAP ndiye mpimaji. Kolesteroli ikiwa ya kutosha katika utando ule, SCAP hushikwa na protini nyingine iitwayo Insig, na wote hubaki pale pale. Ikishuka chini ya takriban asilimia 5 ya mafuta ya utando huo, Insig humwachia, naye SCAP humsindikiza SREBP hadi kituo kingine ndani ya seli kiitwacho Golgi. Huko vimeng'enya viwili humkata, kimoja baada ya kingine. Kipande kilichokatika huingia kwenye kiini cha seli, hukaa juu ya DNA, na kuziwasha jeni zaidi ya 30. Kati ya jeni hizo imo ile ya kipokezi cha LDL, yaani mlango ambao ini hutumia kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu.

Mambo haya yote yanafanyika ndani yako sasa hivi unaposoma, na hukuulizwa. Hakuna hatua hata moja katika safari hiyo ambapo nia yako inatakiwa.

Utaniambia: sawa, lakini chakula je? Nitakifikia. Kwanza tuwatazame watu wawili.

Wa kwanza ni Stormie Jones, mtoto wa kike kutoka Texas. Alirithi kutoka kwa baba na mama jeni mbovu ya kile kipokezi cha LDL. Kwa hiyo hata SREBP-2 aiwashe jeni hiyo namna gani, mlango unaotoka haufunguki. Kolesteroli yake ilikuwa takriban miligramu 1,100 kwa desilita, wakati daktari humwambia mtu mzima asizidi 200. Alikwisha kupata mshtuko wa moyo kabla hajafikisha umri wa miaka saba. Tarehe 14 Februari 1984, huko Pittsburgh, Thomas Starzl na wenzake walimpandikiza moyo na ini kwa pamoja. Moyo kwa sababu wake ulikuwa umeharibika. Ini kwa sababu ndiko ilipo milango mingi ya LDL. Kolesteroli ikashuka hadi karibu 300. Aliishi mpaka mwaka 1990, akafariki akiwa na miaka 13. Mtoto wa miaka sita, na mishipa ya mzee mlafi. Nani atasema mwili wake ulitoa ushahidi wa kweli?

Wa pili simjui jina, na ni vizuri hivyo. Ni mwanamke kijana wa Zimbabwe ambaye habari zake za kitabibu zilichapishwa mwaka 2007. Yeye alirithi kinyume. Kuna protini iitwayo PCSK9, kazi yake ni kuivunja milango ya LDL. Mwanamke huyu alirithi kutoka pande zote mbili jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi, hivyo milango yake haivunjwi. LDL yake ilikuwa kama miligramu 15 kwa desilita, na mzima wa afya. Huko Marekani, watafiti wa Dallas walikwisha kuonyesha mwaka 2006 kwamba Wamarekani weusi wenye nakala moja tu ya badiliko la namna hiyo, takriban asilimia 2.6 ya waliopimwa, walikuwa na LDL ya chini kwa asilimia 28, na maradhi ya mishipa ya moyo yalipungua kwao kwa asilimia 88. Tofauti hiyo haikutokana na kufunga wala na ushauri wa kula. Walizaliwa hivyo.

Mmoja ameadhibiwa bila kosa, na mwingine amelipwa bila kazi, kama tutashikilia lugha ya yule mgeni wetu. Mimi naona lugha hiyo ndiyo mbovu. Mwili haukuwa ukitoa adhabu wala malipo.

Rafiki yangu anayesoma sheria, ambaye hubishana nami kila jioni tukipanda kilima cha Nyamirambo, aliposikia hoja yangu alisema: "Kaka, ukiendelea hivyo hakuna atakayehukumiwa kwa lolote. Kesho mwizi naye ataleta protini yake mahakamani." Ni pingamizi zito, wala silitupi.

Jibu langu la kwanza ni kwamba wizi ni tendo, na uzito si tendo. Aya ya 31 ya Suratul A'raf inaruhusu kula na kunywa na inakataza kupita kiasi. Inakataza kitendo. Hadithi mashuhuri ya kuligawa tumbo mafungu matatu, chakula, kinywaji na pumzi, nayo inazungumzia kujaza tumbo, haizungumzii ukubwa wake. Mtu mwembamba kama ufito anayechukua sahani mbili za pilau na kumwaga moja na nusu amefanya israfu mbele ya macho yetu, na hakuna kitu chini ya kanzu yake kitakachomshitaki. Tukitaka kukemea israfu tukemee tulichokiona. Kumtazama mtu kiuno ukakisia sahani zake za miaka 20 ni dhana, na dhana na kuchunguzana vimekatazwa katika Suratul Hujurat, sura hiyo hiyo ambayo aya iliyotangulia inakataza watu kudharauliana. Na kumbukeni kwamba masahaba walipocheka wembamba wa miundi ya Ibn Mas'ud, Mtume (S.A.W.) aliwaambia kwamba miundi hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Pale aliyechekwa alikuwa mwembamba. Kosa ni lile lile.

Rafiki yangu hakuridhika. Akasema: kula ni tendo, ndiyo, lakini tendo linatoka kwenye hamu, na hamu inatoka mwilini. Kama ini halina hatia, tumbo lina hatia gani? Hapo alinishika mahali panapouma, maana ushahidi upo. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa familia moja yenye asili ya Pakistani, binti wa miaka minane mwenye kilo 86 na binamu yake wa miaka miwili mwenye kilo 29. Walikuwa na njaa isiyokwisha. Ikagundulika kwamba miili yao haitengenezi leptini, homoni inayoupa ubongo habari ya akiba ya mafuta. Yule binti alipodungwa leptini, hamu ya kula ikatulia na uzito ukashuka. Kitu ambacho jirani yeyote angekiita nafsi isiyotawaliwa kilikuwa ni ujumbe usiofika. SREBP hahusiki na njaa hiyo, lakini somo ni lile lile, na linakwenda mbali zaidi, maana sasa tumegusa tamaa yenyewe.

Je, basi hakuna jukumu? Siamini hivyo. Aliyepewa mlima na aliyepewa uwanja wa mpira wote wanaweza kuamriwa watembee. Ninachokikana ni haki ya yule aliye uwanjani kutangaza kwamba ametembea vizuri kuliko mwenzake. Jihadi ya nafsi ipo, lakini viwango vyake haviko mikononi mwetu, na mwenye njaa ndogo hana sababu ya kujisifu kwa vita ambavyo hakupigana. Hili la kujisifu halizungumzwi sana kwetu. Tunaona ubaya wa kumcheka mnene. Hatuoni ubaya wa mwembamba kuchukua wembamba wake kama cheti cha zuhdi.

Sasa turudi kwenye chakula kama nilivyoahidi, maana nisingependa mtu achukue makala hii akaifanya ruhusa. SREBP-1c anamsikiliza mtu mmoja hasa, naye ni insulini. Ukinywa sukari, kongosho hutoa insulini, na insulini huliambia ini mambo mawili: acha kutoa sukari kwenye damu, na geuza iliyozidi kuwa mafuta. La pili hupitia kwa SREBP-1c. Kwa hiyo kilicho kwenye glasi kina uzito wake, na mkono unaoinua glasi ni wako.

Lakini kuna fumbo. Kwa mtu ambaye ini lake limekuwa sugu kwa insulini, ungetegemea amri zote mbili zisisikike. Haiwi hivyo. Brown na Goldstein waliliandikia jambo hili mwaka 2008: sikio la kwanza linaziba, la pili linabaki wazi. Ini linaendelea kumwaga sukari kana kwamba mwenye mwili ana njaa, na papo hapo linatengeneza mafuta kana kwamba ameshiba. Kongosho linaongeza insulini ili lisikike, na kila likiongeza, SREBP-1c anachapa kazi zaidi. Chupa ile ile ya soda, ambazo hapa Kigali zote tunaziita fanta, ikinywewa na wawili waliokaa mkeka mmoja, inaanzisha mambo mawili tofauti. Nao hawawezi kujua kwa kutazamana, kwa sababu ini lenye mafuta hupatikana hata kwa watu wembamba.

Ndiyo maana nasema wajibu mkubwa zaidi uko kwa anayeandaa. Futari zetu huletewa kreti za fanta na wafadhili wema, Mwenyezi Mungu awalipe, na chai yetu ya maziwa inatiwa sukari jikoni kabla haijafika mezani, kwa hiyo hata anayetaka kujizuia hana nafasi. Kisha juu ya sukari hiyo tunamweka mtu wa kutuhubiria juu ya matumbo yetu! Nimeiandikia kamati ya futari pendekezo: chai ije bila sukari na sukari iwekwe kando, maji yawe ya kwanza kugawiwa, na fedha za fanta ziombwe zigeuzwe kuwa parachichi, mapapai na ndizi. Kamati imesema itafikiria. Mjumbe mmoja amesema wafadhili watakasirika. Sijui kwa nini mfadhili akasirike kwa papai.

Nimalizie na jambo la dawa, maana nalo lina aibu yake. Baba yangu mdogo ni fundi cherehani Biryogo. Ni mwembamba, hali sana, na anapanda vilima kwa miguu kila siku. Miaka miwili iliyopita alikwenda kupimwa ile Jumapili ya barabara bila magari, ambapo vipimo vya sukari na shinikizo la damu hufanywa bure. Kutoka hapo akapelekwa kliniki, na kliniki wakamwambia kolesteroli yake iko juu sana, huenda ni ya kurithi. Wakampa statini. Alizificha kwenye kopo la vifungo. Nilipomuuliza sababu akasema, "Watu wakiziona watauliza nimekula mali ya nani." Kuna na waliomwambia kwamba kumeza kidonge kila siku mpaka kufa ni upungufu wa tawakuli.

Nilimweleza statini inavyofanya kazi, na yeye, fundi, alielewa haraka kuliko wanafunzi wenzangu. Dawa hii chanzo chake ni ukungu. Akira Endo, Mjapani, alipima aina zaidi ya 6,000 za kuvu na viumbe wadogo wa namna hiyo, na mwaka 1973 akapata alichokitafuta kwenye ukungu wa rangi ya buluu na kijani uliotoka kwenye mchele. Kinazuia kimeng'enya kimojawapo cha kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, SCAP anahisi, SREBP-2 anasafiri, anakatwa, anawasha jeni za milango, na milango inaivuta LDL kutoka kwenye damu. Kwa maneno mengine dawa haimpigi msimamizi, inampa habari ya upungufu, naye anafanya kazi aliyoumbwa kuifanya. Ila SREBP-2 huyo huyo anawasha pia jeni ya PCSK9, mvunja milango, kwa hiyo sehemu ya faida inapotea. Tangu mwaka 2015 kuna sindano za kumzuia PCSK9, zilizotokana na kuwasoma watu kama wale wa Dallas, lakini bei yake haifikiki kwa fundi wa Biryogo.

Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu watafute tiba, na hakuweka sharti kwamba mgonjwa kwanza athibitishe hakujitakia. Anayeugua malaria hatumuulizi kwa nini hakushusha chandarua kabla ya kumpa dawa. Kwa nini ugonjwa wa mishipa uwe na mahakama yake peke yake? Na hata kama mtu kweli alijitakia kwa kula, dawa bado ni haki yake, na toba yake, kama ipo, ni kati yake na Mola wake.

Baba mdogo bado anaziweka kwenye kopo la vifungo. Anasema sasa ni kwa sababu hapo ndipo mkono wake unafika kila asubuhi anapofungua kazi, hivyo hasahau. Rafiki yangu wa sheria, kwa upande wake, anasema bado sijamjibu juu ya hamu na jukumu, na ameomba kurasa mbili za toleo lijalo. Mhariri amemkubalia. Wallahu a'lam.